Diwali ya Wagujarati: daftari kwanza, taa baadaye

Kila Oktoba au Novemba magazeti ya Afrika Mashariki huandika habari ileile: Wahindu waadhimisha sikukuu ya taa. Picha ni ya mama aliyevaa sari akiwasha kibakuli cha udongo, na chini yake sentensi kuhusu nuru kuishinda giza. Hakuna uongo hapo. Lakini ukipita nyuma ya kaunta ya mfanyabiashara wa Kigujarati jioni ya siku hiyo, awe Rajkot, Ahmedabad, Zanzibar au Mombasa, utakuta kitu kinachotunzwa kwa heshima kuliko taa zote zilizopangwa barazani. Ni daftari jipya la hesabu, lenye jalada la kitambaa chekundu na kurasa ambazo hazijaguswa na kalamu.

Ibada yake inaitwa Chopda Pujan. Chopda ni madaftari ya hesabu kwa Kigujarati, na pujan ni kuyafanyia ibada. Ninaandika juu ya daftari hilo kwa sababu Diwali ya watu hawa ni siku ya kufunga hesabu kabla ya kuwa siku ya kitu kingine chochote, na sehemu hiyo ndiyo inayopotea haraka, huku taa na peremende zikiongezeka.

Diwali yenyewe haina sura moja. Jina linatokana na neno la Kisanskriti dipavali, yaani safu ya taa. Kaskazini ya India wanasimulia kurudi kwa shujaa Rama mjini kwake Ayodhya. Bengali usiku huohuo ni wa mungu wa kike Kali. Wajaini wanakumbuka ukombozi wa mwisho wa mwalimu wao Mahavira, ambao mapokeo yao yanauweka mwaka 527 kabla ya Kristo, na Masingasinga wanakumbuka kuachiliwa kwa Guru Hargobind kutoka ngome ya Gwalior. Waliovuka bahari kuja kwetu kwa wingi walitoka Gujarat, magharibi mwa India, hasa Kutch na Kathiawar, na kwao usiku huu ni wa mwisho wa mwaka. Waswahili waliwaita Baniani, neno linalotokana na vaniya, mfanyabiashara. Methali yetu ya "Baniani mbaya kiatu chake dawa" inaonyesha tulivyowatazama kutoka upande wa pili wa kaunta: mtu wa kulalamikiwa na wa kutegemewa kwa wakati mmoja. Karne ya 19 nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, mtu wa Kutch wa jamii ya wafanyabiashara ya Bhatia, ilikodi ushuru wa forodha wa Zanzibar kwa miaka mingi chini ya masultani. Hesabu za bandari yetu kubwa kuliko zote wakati huo ziliwekwa na watu waliofunga mwaka wao kwa Diwali.

Kwa nini wafunge hapo? Jibu liko shambani na baharini. Mvua za Gujarat hunyesha kuanzia Juni hadi Septemba. Zikikatika, pamba na karanga huanza kuvunwa, na fedha huanza kuzunguka. Vyombo vilivyoondoka pwani yetu kwa kusi vimekwisha kufika Mandvi, bandari ya Kutch, na kushusha pembe na karafuu, na vile vitakavyokuja kwa kaskazi bado havijatweka tanga. Katikati ya misimu hiyo miwili kuna majuma machache ambapo bidhaa iko ghalani, mdeni yuko mjini, na mtu anaweza kujua alichonacho. Usiku wa mwezi mpevu ungemfaa mkulima. Mfanyabiashara alichukua usiku usio na mwezi kabisa, ule ambao mwezi wa zamani umekwisha na mpya haujaandama.

Hesabu ya siku zenyewe inastahili kuelezwa, maana huwachanganya wengi. Msomaji aliyezoea Idd anajua kwamba kalenda ya Kiislamu hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka wa kawaida. Kalenda ya Kihindu nayo hufuata mwezi, ila kila baada ya kama miezi 32 au 33 huongezwa mwezi mzima wa ziada ili mwaka usiachane na jua. Ndiyo maana Diwali haitoki kati ya katikati ya Oktoba na katikati ya Novemba. Mwaka 2025 ilikuwa 20 Oktoba. Mwaka 2026, kwa kuwa una mwezi wa ziada, inaruka mbele hadi 8 Novemba. Kwa anayetazama mwandamo, alama ni rahisi: Diwali siku zote huangukia mwishoni kabisa mwa mwezi wa Kiislamu, na hilali huonekana siku mbili tatu baadaye.

Hapa ndipo kosa la kwanza la kila mwaka linapozaliwa. Kanuni inataka ibada ya Lakshmi, mungu wa kike wa utajiri, ifanywe jioni, katika muda wa kama saa 2 na dakika 24 baada ya jua kuzama, siku ambayo amavasya, yaani giza la mwezi, inashika muda huo. Mwaka 2024 amavasya ilianza India saa 9:52 alasiri ya tarehe 31 Oktoba ikaisha saa 12:16 jioni ya tarehe 1 Novemba. Delhi jua lilizama kama saa 11:36, kwa hiyo jioni zote mbili ziliguswa na giza hilo, na India nzima ikagawanyika juu ya siku ipi ni sahihi. Mgawanyiko huo ukasafiri kwa simu hadi Nairobi na Dar es Salaam, na familia zikabishana kwa bidii juu ya jambo ambalo kwetu halikuwapo. Saa zetu ziko nyuma ya India kwa saa 2 na nusu. Hapa amavasya iliisha saa 9:46 alasiri ya tarehe 1, jua likiwa bado juu. Jioni iliyobaki ni moja tu, ya tarehe 31. Anayenakili saa za kalenda ya Ahmedabad bila kuzigeuza anakosea mara mbili, kwanza siku, kisha saa ya kuanza. Anza na machweo ya mji wako, ambayo Dar es Salaam wakati huo wa mwaka ni kama saa 12 na robo.

Sasa daftari lenyewe. Chopda ya jadi ni ndefu na nyembamba, imeshonwa kwa uzi na kuvikwa kitambaa chekundu. Kurasa hazina mistari. Hukunjwa, na mikunjo ndiyo inayogawa safu za tarakimu. Duka la kawaida lilikuwa na angalau mawili: rojmel, la fedha za kila siku, na khatavahi, yaani leja, ambamo kila mteja ana ukurasa wake. Hununuliwa mapema, siku inayohesabiwa kuwa njema kama ile ya nyota ya Pushya au siku ya Dhanteras, siku mbili kabla ya Diwali. Hubebwa nyumbani yamefungwa kwa kitambaa, na hakuna kinachoandikwa ndani mpaka usiku wenyewe.

Kigoda kifupi cha mbao hutandikwa kitambaa chekundu, juu yake kifungu cha ngano au mchele, kama robo kilo. Chombo cha shaba hujazwa maji, kikatiwa sarafu na popoo moja, kikazungushiwa majani ya mwembe au ya tambuu mdomoni, kisha nazi ikakalishwa juu, kishungi kikitazama mbinguni. Hapo huwekwa sura za Ganesh, mwondoa vikwazo, Lakshmi, na Saraswati, mwenye elimu. Pembeni kuna manjano, mbegu za giligilani, sukari guru, maua, kafuri, uzi mwekundu, na bakuli la maziwa, mtindi, asali, sukari na samli vilivyochanganywa. Mchele wa kurushia lazima uwe na punje nzima, kwa kuwa jina lake, akshat, maana yake ni kisichovunjika. Chenga haifai. Watu wengi huchota tu mchele wa jikoni. Uchague kwanza, mchana kukiwa na mwanga.

Ukurasa wa kwanza hufunguliwa. Kwa kidole cha pete cha mkono wa kulia, mwenye duka huchora swastika kwa kumkum, unga mwekundu ambao kiasili ni manjano iliyogeuzwa rangi kwa chokaa. Alama hiyo yenye nukta nne kati ya mikono yake ilikuwa ya heri India kwa maelfu ya miaka kabla ya chama cha Wanazi cha Ujerumani kuichukua, na haina uhusiano na uovu ule. Chini yake neno Shri, la heshima na neema, huandikwa kwa umbo la piramidi: moja mstari wa kwanza, mbili wa pili, hadi mistari 7, jumla Shri 28. Wengine hufika 9, wakapata 45. Kushoto huandikwa Shubh, kulia Labh. Wajaini huongeza mistari yao ya kuomba baraka za Gautam Swami, bahati ya Kayvanna, nguvu za Bahubali, akili za Abhaykumar na utajiri wa Shalibhadra. Kisha juu ya ukurasa huwekwa jani la tambuu, popoo na sarafu, hunyunyizwa mchele na maua, na taa huzungushwa mbele yake kwa wimbo wa aarti.

Kinachoharibika hapa ni karatasi. Kumkum iliyolowa sana hupenya kurasa tatu nne, na tarakimu za mwezi wa kwanza zinakuja kuandikwa juu ya waa. Tone mbili za maji kwa kijiko kidogo cha unga zinatosha. Iwe nzito kama dawa ya meno. Usifunge daftari kabla ukurasa haujakauka. Jani la tambuu nalo lisilale ndani zaidi ya usiku mmoja. Unyevu wa pwani huliotesha ukungu, na mshono ukishapata ukungu hautoki.

Ibada kamili ya jadi haiishii kwenye daftari. Mizingiti ya mlango huombewa. Kidau cha wino huombewa kama Mahakali, yaani Kali. Kalamu huombewa, kisha daftari kama Saraswati, mungu wa elimu, kisha sanduku la fedha kama Kubera, mtunza hazina. Na mizani huombewa. Tafakari maana yake kwa mtu ambaye siku chache baadaye atapima sukari na mchele mbele ya mteja asiyejua kusoma mawe ya mizani. Kifaa ambacho kinaweza kumwibia mtu gramu 20 kwa kila kilo kimepakwa rangi nyekundu na kufungwa uzi mbele ya miungu. Ndiyo maana nakataa maelezo ya mkato kwamba hii ni sikukuu ya kuabudu pesa. Lakshmi katika mapokeo haya anaitwa chanchala, asiyetulia, na wanaochagua saa ya ibada hutafuta nyota ya Ng'ombe iwe inachomoza kwa sababu huhesabiwa nyota isiyoyumba, ili naye akae. Hakai peke yake kigodani. Ameketi na mwondoa vikwazo na mwenye elimu. Na katika maneno mawili ya ukurasa wa kwanza, Shubh, yaani heri, husomwa kabla ya Labh, faida.

Taa, basi, kwa wanaotaka kuzifanya vizuri. Kibakuli kipya cha udongo, kodiyu, hunywa mafuta. Ukikijaza kikiwa kikavu kutoka sokoni, nusu ya mafuta huingia kwenye udongo, sakafu inapata duara la mafuta, na taa inazimika kabla wageni hawajafika. Kiloweke kwenye maji saa 6 au usiku kucha, kisha kikauke kabisa, maana udongo wenye maji hufanya utambi utatarike na kibakuli kupasuka. Utambi uwe wa pamba halisi. Uzi wenye plastiki huyeyuka na kunuka. Acha utambi utokeze kama nusu sentimita. Ukizidi, moto unakuwa mrefu na ukuta unapata masizi. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya ufuta huwaka kama saa mbili kwa utambi mwembamba. Samli ni bora kwa taa ya ibada, lakini usiku wa Nairobi huganda na utambi hukosa cha kunyonya. Iyeyushe, ichanganye na mafuta kidogo, au tumia utambi mfupi wa duara unaosimama katikati ili joto lake liiyeyushe samli inayouzunguka.

Siku za pembeni zina mambo yake. Dhanteras hununuliwa dhahabu, fedha au chombo cha jikoni, na kaskazini ya India hata ufagio mpya. Anayenunua sufuria haiingizi nyumbani tupu, huweka nafaka au sukari ndani. Siku inayofuata, Kali Chaudas, mama wa Kigujarati hukaanga vada, aina ya bajia, akapeleka chache njia panda, akazizungushia maji na kurudi bila kugeuka nyuma. Ugomvi wa nyumbani umeachwa huko. Mswahili hahitaji kuelezwa njia panda ni mahali gani.

Baada ya Diwali wakati mwingine hupita siku moja isiyo na kazi, Wagujarati wanaiita dhoko, kama ilivyokuwa 21 Oktoba 2025. Ndipo mwaka mpya unapoingia: tarehe 22 ulianza mwaka 2082 wa Vikram Samvat, kalenda ya Wagujarati. Alfajiri yake, katika miji ya Gujarat, wauzaji hupita mitaani wakinadi chumvi. Wanaiita sabras, ladha zote, na ndiyo bidhaa ya kwanza kununuliwa mwaka mzima. Watu husalimiana Saal Mubarak. Saal ni mwaka kwa Kiajemi, na mubarak ni ileile ya Idd Mubarak. Biashara ya Bahari ya Hindi imo katika maneno mawili hayo, kama ilivyo katika pesa, hundi, laki na rupia, tulizozipata kwa njia hiyohiyo.

Nimesema kuna kinachopotea. Hadi miaka ya 1980, daftari jekundu halikuwa ishara tu. Sheria ya kodi ya mapato ya India ya 1961 ilimruhusu mfanyabiashara achague mwaka wake wa hesabu, na wengi walichagua Diwali hadi Diwali. Kwa hiyo majuma ya kabla ya usiku ule yalikuwa ya kazi ngumu: bidhaa zote kuhesabiwa, kila mteja kuitwa alipe au akubaliane juu ya salio, riba kukokotolewa, leja kusawazishwa hadi senti ya mwisho. Usafi wa nyumba wa Diwali, ambao kila mtu anaujua, ulikuwa na pacha wake dukani. Marekebisho ya sheria ya 1987 yaliondoa hiari hiyo, na tangu mwaka wa tathmini 1989-90 kila mlipakodi wa India hufunga tarehe 31 Machi. Ibada ikabaki Oktoba. Hesabu zikahamia Machi.

Kwetu hali ni hiyohiyo. Mwaka wa kodi wa Tanzania kwa kawaida huanza Januari, na mashine za EFD, za kutoa risiti za kodi, zilizoanza 2010 zinatuma mauzo moja kwa moja. Duka la leo lina programu ya hesabu, na Diwali kompyuta ndogo hubebwa hadi hekaluni, ikafungwa uzi mwekundu na kupewa swastika. Hili halinikwazi. Mahekalu ya Swaminarayan, madhehebu ya Kihindu yenye asili Gujarat, hupanga kompyuta hizo kwa safu, na sioni tofauti ya kiroho kati ya karatasi na kioo. (Usipake kumkum kwenye vibonye. Funika mashine, weka karatasi juu ya kifuniko, chora hapo.) Soko la hisa la Bombay nalo tangu 1957 hufungua kwa muda mfupi siku ya Diwali kwa biashara ya heri, na mwaka 2025 saa hiyo moja iliwekwa mchana wa 21 Oktoba. Ni desturi nzuri. Hakuna anayefunga hesabu katika saa hiyo, watu hununua na kuuza tu.

Kinachonisikitisha ni daftari linalonunuliwa siku hizi kwa ajili ya ibada pekee, likachorwa, likapigwa picha, likawekwa kabatini tupu hadi mwaka unaofuata. Saraswati ameitwa aje kukaa kwenye kurasa ambazo hakuna atakayeandika. Programu ya kompyuta haina usiku wa mwisho. Deni la mteja linaweza kuelea humo miaka mitatu bila mtu kulazimika kulitamka kwa sauti, na bidhaa iliyooza ghalani inaendelea kuonekana kama mali. Wazee walilazimishwa na ukurasa wenyewe: daftari jipya lilihitaji salio la kuanzia, na salio halikupatikana bila kuhesabu.

Hakuna sheria ya kodi inayomzuia mtu kufanya hivyo bado. Hesabu bidhaa kabla ya Dhanteras, duka likiwa limefungwa, watu wawili wawili, mmoja anahesabu na mwingine anaandika. Chapisha orodha ya madeni yote yaliyozidi siku 90, umpigie kila mmoja. Toa urari wa hadi jana yake, ukurasa mmoja au miwili, na huo ndio uuweke kigodani chini ya jani la tambuu badala ya daftari tupu. Ukurasa ukiwa na makosa yanayojulikana, yaandikwe pembeni kwa kalamu kabla taa haijazungushwa.

Duka hubaki limefungwa hadi Labh Pancham, siku ya 5 ya mwezi mpya, ambayo 2025 ilikuwa 26 Oktoba. Asubuhi hiyo mlango hufunguliwa mapema, sakafu imeoshwa, shada la majani ya mwembe limetundikwa juu ya mlango. Mteja wa kwanza hupewa kipande cha sukari guru. Anachonunua kinaweza kuwa kiberiti kimoja. Hupimwa au huhesabiwa mbele yake, hulipiwa taslimu kwa kuwa siku hiyo hakuna kukopesha, na huandikwa mstari wa kwanza kabisa, chini ya Shri 28, kwa wino mweusi.